Kinachoelea Kinalipa

Mkono ndio uliotangulia kuonekana.

Wanaume wanne walikuwa wamesimama katika maji ya kifua pale Ruziba, wakitoa mawe ndani ya mtumbwi uliozamishwa, jiwe baada ya jiwe, kwa amri ya mwenye gati. Mtumbwi ulianza kuwa mwepesi. Pua yake ya mbao ikapanda juu ya maji, na pale katikati, kati ya mawe yaliyobaki, ukajitokeza mkono wa mtu, umevimba, mweupe kama muhogo ulioloweshwa siku nyingi, na saa ya chuma imebana kifundoni. Mmoja wa wale wanne alipiga yowe akaanguka chali. Watatu waliobaki waliuachia mtumbwi kama walioshika chuma cha moto.

Inspekta Djibril alikuwa juu ya mbao za gati, daftari mkononi. Alikuwa ametoka mjini asubuhi ile kwa kesi aliyoiona nyepesi. Amissi, mtoza ada wa gati, hakuwa ameonekana tangu Jumamosi pamoja na mfuko wa makusanyo, na Ruziba nzima ilisema amevuka ziwa kwenda Uvira kula pesa. Djibril naye alikwisha kuandika hivyo, ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu. Sasa aliitazama ile saa. Mke wa Amissi alikuwa amemweleza jana yake, kituoni mjini: ya chuma, kioo kimepasuka kwa mstari mmoja.

Mstari ulikuwapo.

"Mutu asiguse kitu!" alipaza sauti. Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa ya kiofisa hata kidogo, akasema, "La ilaha illallah."

Ili mtu aelewe kwa nini mvuvi azamishe mtumbwi wake kwa mikono yake mwenyewe, inabidi aujue ubao uliokuwa langoni pa gati. Ulikuwa mwaka wa pili wa vikwazo vya biashara, ile ambargo ya nchi jirani. Jeshi lilikuwa limepiga marufuku chombo chochote kulala ufukweni kutoka Ruziba hadi Kabezi, kwa hofu ya waliokuwa wakivuka ziwa na bunduki, kwa hiyo palibaki mahali pamoja tu pa kufungia kamba: gati la Maxime. Mwanzoni Maxime alitoza faranga mia tano kwa juma. Vikwazo vilipokaza, ikawa elfu na mia tano. Tangu Pasaka ilikuwa elfu nne, na aliyerudi na ndagala, dagaa wa ziwa lile, za elfu sita alijua kwamba alikuwa ameamka alfajiri kumvulia Maxime. Ubao ule uliandikwa kwa rangi nyeupe: KINACHOELEA KINALIPA. Wavuvi waliusoma, wakautii. Walijaza mitumbwi yao mawe, wakailaza chini ya maji. Halikuwa jambo geni kwao. Baba zao walifanya hivyo kila kiangazi ili mbao zisikauke na kupasuka. Kisichoelea hakilipi. Kufikia Agosti, mitumbwi ishirini na tatu ilikuwa imelala chini ya ziwa, na gati la Maxime lilikuwa tupu kama soko la jioni.

Ndipo Maxime alipopata karatasi ya kumruhusu kuiinua yote, ielee, ilipe. Wa kwanza kuinuliwa ulikuwa ule uliopakwa namba kumi na moja.

"Namba kumi na moja ni ya Twalibu," Maxime alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka. Kofia yake ya nyasi aliishika kifuani kama mtu aliye kanisani. "Mungu wangu. Ni ya Twalibu."

Watu kama mia walikuwa wamejaa ufukweni, na ungeweza kusikia maji yakichuruzika kutoka katika mtumbwi.

Twalibu hakukimbia. Alisimama mbele ya umati, mwanamume mnene wa miaka thelathini na mitano, mikono imelegea, akiutazama mtumbwi wake kama anayetazama nyumba yake ikiungua. Askari wa kituo cha jeshi walipofika walimkuta palepale. Walimfunga mikono nyuma kwa kipande cha kamba ya wavu na kumketisha juu ya kreti ya bia.

Ajida wao, mkubwa wa kituo kile, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya upole. Upole ule ndio uliowatisha watu.

"Inspekta," alisema, "lori yetu inapita saa sita. Huyu atapanda."

Djibril aliitazama saa yake. Ilikuwa saa mbili na nusu. Tangu Januari, watu saba wa Ruziba walikuwa wamepanda lori lile, na hakuna hata mmoja aliyerudi kusimulia linakokwenda.

"Kuua ni kesi ya mahakama," Djibril alisema. "Mi nitaandika, na mutu ataenda parke, ofisi ya mashtaka, kwa prokireri."

"Andika. Kama ukipata mwingine mbele ya saa sita, na amekubali, na ametia sahihi, mi nitachukua karatasi na we utachukua mutu. Ukikosa, ni lori."

Djibril alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini.

Kazi ya kwanza ilikuwa maiti. Aliiangalia kwa nusu saa, akipumua kwa mdomo, kabla hajawaruhusu watu wa Msalaba Mwekundu kuibeba. Pigo lilikuwa moja tu, kwenye paji la uso, upande wa kushoto, la kitu butu chenye uso wa duara. Mfuko wa makusanyo ulikuwa bado umefungwa kiunoni. Ndani yake noti zilikuwa zimegandamana kama ugali wa jana, lakini zilikuwapo. Aliyemuua Amissi hakutaka pesa. Ule mstari wa tatu katika daftari, wa Uvira, Djibril aliukata kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Kazi ya pili ilikuwa mawe. Aliwaita wale wanaume wanne.

"Mawe yalikaa namna gani?"

"Vizuri, chef."

"Vizuri namna gani? Mi ni mutoto wa fundi magari wa Buyenzi. Nieleze kama mutu asiyejua kitu."

Mkubwa wao alimwonyesha mataruma, zile mbavu za mti zinazoshika mbao za mtumbwi kwa ndani. "Jiwe unaweka juu ya ubavu. Ukiweka katikati ya mbao, mutumbwi inavunjika mugongo. Hapa, kila jiwe ilikuwa juu ya ubavu. Hata juu ya marehemu, chef. Mutu alijenga kama anajenga ukuta."

Kwa hiyo si walinzi wa Maxime, na si Maxime mwenyewe, ambaye viatu vyake havikuwahi kulowa tangu anunue gati. Aliyeyapanga mawe yale alikuwa mtu wa mitumbwi. Djibril alimtazama Twalibu pale juu ya kreti, na moyo wake haukufurahi.

"Mutumbwi ni yako?"

"Ni yangu, chef."

"Uliilaza lini?"

"Wiki tatu. Watu wengine walilaza tangu Pasaka, mi nilijikaza. Nikashindwa."

"Ukaigusa tena?"

"Niiguse kwa nini? Mutu akilala, unamuacha alale."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akakimeza kicheko chake.

"Amissi alikuwa anakudai?"

"Alidai kila mutu. Alidai hata mutu anaosha miguu."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

Kabla Twalibu hajafungua kinywa, mke wake Sijaona alikwisha kupenya kati ya askari wawili, kitenge kimefungwa kiunoni kwa fundo la ugomvi.

"Alikuwa ku Kabezi, anachimba kaburi ya shangazi yake! Tangu asubuhi mpaka jua kuzama! Ruziba yote ilikuwa kule, chef. Hapa hakubaki hata kuku!"

"Ruziba yote ni ndugu yake, mama," alisema ajida kwa upole. "Ndugu wote watasema walimuona."

Maxime alikuwa amesogea karibu. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. "Inspekta, ile mutumbwi tuivunje. Imelala na maiti. Itatuletea magonjwa. Na tena, sasa inaelea, na haijalipa."

"We Maxime!" Sijaona alimgeukia. "Maiti ya mutu wako haijakauka maji, we unafikiria kulipisha? Kesho utalipisha bata, nao wanaelea!"

Safari hii umati ulicheka, kicheko kifupi cha watu wenye hofu. Hata askari mmoja aligeuza uso.

"Hakuna atakayeivunja," Djibril alisema. "Mutumbwi ni kielelezo. Iburuteni mpaka ku mchanga."

"Chef," Twalibu alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza ambalo hakuulizwa. "Mwite Abdu. Abdu fundi. Ni yeye aliijenga. Anajua kila mbao. Yeye atakuambia mutumbwi yangu ilifanyiwa nini. Abdu alikuwa shahidi ya ndoa yangu. Hawezi kuniacha."

Abdu hakuhitaji kuitwa mbali. Alikuwa katika umati, mtu wa miaka arobaini na kitu, mkavu, vumbi la mbao limekaa katika nyusi zake kama poda. Nusu ya mitumbwi ya pwani ile ilitoka mikononi mwake. Alipita mbele ya Twalibu bila kusimama, akapiga magoti kando ya mtumbwi.

"Kagua," Djibril alisema. "Sema unachoona."

Abdu alianza nyuma. Aliupitisha mkono wake wa kulia juu ya kila ubao, polepole, kama mganga anayetafuta mfupa uliovunjika, na alisema huku akienda. Hapa pamba ya kuziba nyufa imelegea. Hapa kuna fundo baya la mti, alijua tangu siku ya kwanza kwamba fundo lile lingemsumbua. Hapa Twalibu aligonga gati, mjinga yule, mwaka jana. Mkono ulikwenda mbele, ubao kwa ubao, hadi karibu na pua. Pale ukainuka. Ukavuka hewani upana wa kiganja na nusu, ukatua upande wa pili.

"Basi," alisema. "Mutumbwi ni muzima."

Djibril aliinama. Pale ambapo mkono ulikuwa umeruka palikuwa na kiraka.

Kilikuwa cha mti mpya, mwekundu kuliko mbao nyingine. Kilikatwa kwa pembe safi, kikalambwa kwa tezo hadi kikalingana na ubavu, kikashikiliwa kwa vijiti vya mti badala ya misumari, na kuzibwa ukingoni kwa pamba na mawese. Djibril hakujua mitumbwi, lakini alijua kazi. Baba yake angemwita jirani aje aone chuma kilichochomelewa hivi.

"Na hii?"

"Kiraka," Abdu alisema.

"Naona ni kiraka. Ya nani?"

"Fundi yeyote anaweza kutia kiraka, chef. Tuko mafundi watatu hapa."

Djibril aliamuru Twalibu aletwe. Twalibu alipouona ubao ule mwekundu, kinywa chake kilibaki wazi.

"Hii iliingia lini?" aliuliza. Alimwuliza Abdu, si inspekta. "Abdu, hii iliingia lini? Mi nililaza mutumbwi haina kitobo!"

Abdu alikuwa akijifuta mchanga magotini.

Sasa Djibril alikuwa na muda usiofika saa tatu, na swali zuri. Mtumbwi ulilazwa ukiwa mzima. Ukainuliwa ukiwa na kiraka. Kwa hiyo katikati ulitobolewa. Alipiga magoti tena, akachungulia kwa ndani, pembeni mwa kiraka. Palikuwa na makovu mawili membamba ambayo tezo halikuyafikia, yameingia kwenye mti kwa mshazari. Alama za shoka.

Alimchukua Maxime hadi mwisho wa gati, mahali ambapo hapakuwa na wa kusikia ila maji.

"Jumamosi, Ruziba yote ku mazishi. Hapa alibaki nani?"

"Amissi. Ni kazi yake kubaki."

"Na shoka."

Maxime alivaa kofia yake, akaivua tena. "Shoka gani?"

"Monsieur Maxime, nitakuuliza mara moja. Ukinidanganya, nitamwambia ajida kwamba ulituma mutu kuvunja vyombo katika eneo la jeshi bila ruhusa ya jeshi. Lori iko na nafasi."

Maxime alinyoosha kofia kuelekea majini.

"Walikuwa wananicheka," Maxime alisema. "Mitumbwi ishirini na tatu, chef, inalala bure mbele ya gati yangu. Nilimwambia Amissi, siku watu hawako, toa mawe ya mbele, pua ikipanda, piga shoka moja, mbili, rudisha mawe. Mutumbwi inarudi chini. Hakuna atakayejua mpaka msimu. Wakiinua, watakuta kitobo. Watajifunza."

Djibril alikuwa ameona mengi tangu mwaka tisini na tatu, vita vilipoanza, na alidhani amekwisha kujua bei ya kila kitu katika mji huu.

"Mitumbwi ishirini na tatu," alirudia. "Chakula ya nyumba ishirini na tatu."

"Nilitaka walipe tu, chef."

"Ile shoka iko wapi?"

"Sijaiona tena. Wala Amissi. Nikasema ameenda Uvira bila kupiga hata moja, ndiyo nikatafuta karatasi ya kuinua."

Saa tano kasorobo. Djibril aliketi juu ya fungu la nyavu, akaandika kwa mfuatano, kama alivyofundishwa. Amissi anatoa mawe ya mbele. Pua inapanda. Shoka, mara mbili, tatu. Mtu anafika na kitu butu cha duara. Pigo moja. Kisha, na hapa kalamu ilisita, mtu yuleyule anakaa. Anakata mti. Anaulamba kwa tezo. Anachonga vijiti, anasokota pamba, anapaka mawese. Alimwuliza mmoja wa wale wanne kazi ile ingechukua muda gani.

"Ya haraka, saa moja. Hii?" Mtu yule alikitazama kiraka kwa heshima. "Hii ni saa tatu, chef. Huyu hakuwa na haraka."

Saa tatu, na maiti kando yake. Djibril aliifunga kalamu, akaifungua tena.

Mafundi walikuwa watatu. Wawili, watu walithibitisha mmoja mmoja bila kusikilizana, walikuwa Kabezi mazishini. Alimwita wa tatu.

"Jumamosi ulikuwa wapi, fundi?"

"Cibitoke. Natafuta misumari."

"Ulipata?"

"Misumari gani na hii ambargo? Nilirudi na vumbi."

"Nani alikuona?"

"Watu wa njiani. Sijue majina yao."

"Rafiki yako anapanda lori saa sita."

"Mungu atamulinda," Abdu alisema.

"We ulikuwa shahidi ya ndoa yake."

"Ndiyo."

"Unajua lori inaenda wapi?"

Abdu aliitazama mikono yake. "Watamwuliza maswali, atajibu, watamurudisha. Hakufanya kitu."

"Umejuaje kama hakufanya kitu?"

Abdu aliificha mikono ile kwapani. Lakini kimya hakitiwi sahihi, na ajida alitaka sahihi. Djibril alikuwa amebaki na dau moja tu, kama mcheza kamari. Aliamini kwamba mtu anaweza kumwacha rafiki yake afungwe, anaweza hata kumwacha atukanwe mbele ya mke wake. Lakini kumwona anapandishwa katika lori lile, macho kwa macho, hapana. Hapo ulimi ungefunguka wenyewe. Aliweka dau lake juu ya jambo hilo.

Lori lilifika kabla ya saa sita kwa dakika kumi. Askari walimwinua Twalibu. Sijaona alijitupa miguuni pa mumewe, akaondolewa, akajitupa tena. Djibril alisimama bega kwa bega na Abdu, karibu kiasi cha kunusa mawese katika nguo zake.

Twalibu alipofika kwenye bodi ya lori aligeuka. Alitafuta katika umati hadi akampata aliyemtaka.

"Abdu!" aliita. "Waambie! We unanijua! Waambie!"

Abdu alikuwa akiangalia mchanga.

"Abdu, ndugu yangu!"

Abdu aliinua mguu wake wa kulia, akaangalia kama umekanyaga kitu, akaurudisha chini.

Askari walimsukuma Twalibu ndani. Bodi ikafungwa kwa mlio wa chuma. Djibril alikuwa amepoteza dau, na aliyelipa alikuwa mtu mwingine.

"Inspekta," Maxime alikuwa pembeni yake, akinong'ona, "bon, sasa muuaji amekwenda. Ile mutumbwi je? Naweza kuivunja?"

Djibril alimgeukia ili amtukane. Tusi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ndipo akakumbuka mkono wa Abdu ulivyokiruka kiraka, jinsi usivyotaka kugusa mbele za watu kitu ulichokifanya vizuri mno.

"Vunja," alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Kwa kweli?"

"Ivunjeni yote. Anzieni pale ku pua. Ku kiraka."

Umati uliguna. Mlinzi wa gati alichukua shoka, akatemea viganja vyake, akalipandisha juu ya bega.

"APANA!"

Watu walidhani ni mwanamke aliyepiga kelele. Abdu alikuwa amekwisha kutoka ubavuni pa Djibril. Alikimbia juu ya mchanga, akajirusha kifudifudi juu ya pua ya mtumbwi, mikono imekumbatia mbao, shavu limelalia kiraka. Shoka lilibaki hewani.

"Msiipige! Hii kazi ni muzima! Itaishi miaka kumi! Msiipige, imepigwa mara moja inatosha!"

Ajida aliinua mkono, na dereva wa lori akazima injini.

Djibril alipiga magoti mchangani, daftari juu ya goti. "Nani aliipiga, Abdu?"

"Amissi." Machozi yalikuwa yakichora njia katika vumbi la uso wake. "Nilimukuta anakata. Nilimwambia, acha, hii ni mutumbwi ya mutu. Akacheka. Akasema mbao ni mbao, nitajenga ingine. Akapiga tena. Mi nilikuwa na nyundo ya duara ya kushindilia pamba. Nilipiga mara moja tu, chef. Moja."

"Halafu?"

"Halafu nilitupa shoka yake mbali majini, nikaona kitobo. Kubwa hivi. Jua lilikuwa linaingia ndani. Nilienda kuchukua mti."

"Na Amissi?"

"Alikuwa pale. Nilimuvuta ku mchanga."

"Amekufa?"

Abdu alisugua ukingo wa kiraka kwa kidole gumba, mara mbili, kama anayempangusa mtoto.

"Alikuwa anapumua," alisema. "Kidogo. Nilisema nitamaliza kwanza kiraka, nipate kumupeleka ku kituo cha afya. Mti ulikuwa mugumu. Nilipomaliza kupaka mawese nikamuangalia. Alikuwa hapumui."

Kalamu ya Djibril ilisimama. Yule mlinzi aliliweka shoka chini taratibu, kana kwamba ni yeye aliyelitumia siku ile. Inspekta alikuwa ameandika maungamo mengi katika miaka mitano ya vita: ya chuki, ya kisasi, ya njaa, ya amri kutoka juu. Alitafuta katika kichwa chake jina la kosa hili, asilipate. Aliandika tu saa na tarehe. Kisha aliandika maneno yote kama yalivyotamkwa, akamsomea Abdu, na Abdu akaweka sahihi juu ya mbao za mtumbwi, akiwa ametandika kitambaa ili wino usiuchafue mti.

Djibril alimpa ajida nakala. "Amekubali. Ametia sahihi. Ni wa parke."

Ajida aliisoma hadi mwisho, akarudia mstari mmoja. "Chukua mutu wako," alisema. "Mi huyu simutaki ndani ya lori yangu."

Walimfungua Twalibu. Alishuka kwenye lori kama mtu anayeshuka mlima usiku, akipapasa kila hatua kwa mguu. Sijaona alimshika mkono; aliutoa mkono wake kwa upole. Alikuwa amesikia yote. Aliupita umati, ukamfungulia njia, hadi akasimama mbele ya mtumbwi wake na mtu aliyekuwa ameukumbatia.

Walitazamana. Abdu ndiye aliyeanza kushusha macho.

"Mutoeni," Twalibu alisema.

Djibril alimwinua Abdu, akamtia pingu, akamsogeza hatua tano. Hapo ndipo Twalibu alipoinama akaliokota shoka. Inspekta alikwenda mbele, mkono umenyooshwa, maneno tayari: ni kielelezo, ni mali ya kesi. Akaurudisha mkono. Pigo la kwanza liliingia juu ya kiraka, na ubao mwekundu ukapasuka kwa sauti kama ya bunduki.

"Twalibu!" Abdu alilia, akivuta pingu hadi mikono ikachubuka. "Twalibu, ndugu yangu! Twalibu!"

Twalibu alisimama, shoka likiwa juu ya kichwa chake, akageuza shingo.

"Sasa ndiyo unaniita," alisema, akapiga tena.